Kitulo: Umati Usiopiga Kelele

Konda wa Chimala halijui neno "imejaa". Ndani ya Noah tulikuwa watu kumi na mmoja, gunia la mchele na jogoo aliyefungwa miguu, na bado alikuwa akipiga kofi ubavuni mwa gari: "Matamba! Matamba nafasi mbili!" Mama tuliyebanana naye, mwenye mitandio miwili shingoni, aliitazama fulana yangu nyepesi akacheka. "Mwanangu, huko juu unakwenda na hiyo?" Joto la mashamba ya mpunga ya Usangu lilikuwa limeshaanza kutuchoma. Sikumwelewa.

Nilimwelewa kwenye kona ya thelathini na kitu. Barabara ile huitwa Hamsini na Saba, na jina lake ndiyo hesabu ya kona zake. Inaiacha barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Chimala, mashariki ya jiji la Mbeya, kisha inaukwea mlima kama mpagazi mwenye mzigo kichwani: hatua, pumzi, hatua. Kila kona bonde la Usangu linazidi kutanuka chini yako, na majaruba ya mpunga yanazidi kusinyaa, mpaka yanakuwa viraka vya kanga kuukuu. Tulipofika Matamba madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na mama alikuwa amenitupia mtandio wake mmoja bila kusema neno.

Nimetembea katika hifadhi ambako simba mmoja aliyelala kivulini huzungukwa na magari ishirini, na mgeni akarudi nyumbani na picha nzuri ya gari la mwenzake. Kitulo, nilikokuwa nikielekea, nako kuna msongamano, ila umeketi chini, haupigi honi, na una rangi. Uwanda huu uko mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Una zaidi ya aina 350 za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wakauita Serengeti ya Maua. Mwaka 2005 ulitangazwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

"Ukitafuta kwa mbali hutaona kitu," alisema kiongozi wetu, kijana wa Kikinga mwenye koti zito. "Inama."

Tukainama. Ilikuwa Februari, katikati ya msimu wa maua unaoanza mwishoni mwa mwaka na kumalizika Aprili. Nilichodhani ni majani matupu kilikuwa na tabaka juu ya tabaka: mienge mirefu yenye vichwa vya rangi ya moto, maua ya manjano yaliyosambaa kama mahindi yaliyomwagika, na chini kabisa okidi za rangi ya waridi, nyingine ndogo kuliko ukucha. Mojawapo ya okidi za nchi hii wanasayansi huiita *Disa ukingensis*, jina lililobeba Ukinga mpaka kwenye vitabu vya dunia. Kwa saa nzima hatukumaliza hata kilomita moja. Mbayuwayu wa buluu walipita wakilamba ncha za nyasi. Tandawala mmoja alijitokeza ng'ambo, akatutazama kama mwenye shamba anavyotazama wapita njia, akaendelea na shughuli zake.

Kijana akatuonyesha shina la okidi. "Chini yake kuna kiazi. Bibi yangu alichimba hivi, akauza Zambia. Madaftari yangu ya kwanza yalitoka humu." Zambia viazi hivyo husagwa, vikachanganywa na karanga, vikapikwa kuwa chikanda. Biashara hiyo ilikua hadi ikakadiriwa kuvusha mamilioni ya viazi kwa mwaka, na ukichimba kiazi umeua mmea. Hifadhi ilikuja kuyaokoa maua hayo. Nilimuuliza bibi alisemaje uchimbaji ulipokatazwa. "Alinuna. Siku hizi ananiuliza, wageni wako wamefika?"

Pembeni uwanda unadondokea msituni, na msitu huo una siri yake. Wazee wa Rungwe, jirani na hapo, walikuwa wakimtaja kima mwenye haya aitwaye kipunji, na wasomi wakidhani labda ni wa kwenye hadithi. Mwaka 2003 watafiti wakamwona. Mwaka uliofuata akaonekana tena mbali sana, katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, mkoani Iringa. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya nyani na kima tangu 1923. Sisi hatukumwona. Ukungu ulishuka saa nane, ukafunga msitu kama duka la mtu aliyekwenda msibani.

Iringa na Kitulo zinaunganishwa na zaidi ya kima. Mvua iliyotulowanisha huteremka kwa vijito hadi Usangu, ikaingia Ruaha Mkuu, ikapita katikati ya tembo na viboko wa Hifadhi ya Ruaha, kisha ikazungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Anayewasha taa Dar es Salaam huenda hajawahi kuisikia Kitulo, lakini Kitulo inamfahamu.

Jioni, Chimala, nilishuka nikiwa na mtandio begani na matope magotini. Konda akanitazama. "Kaka, umeanguka?"

Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara akanijibia: "Hajaanguka huyo. Katoka Kitulo."