Kitazame Kinywa

Kazi ya kukamata viumbe wa mapambo niliianzia Shimoni, nikiwa kijana wa kubeba ndoo. Wenzangu walikimbilia samaki wa rangi, maana ndio waliolipwa vizuri, nami nikaachiwa mchanga. Bamvua likikupwa, mzee wa Wasini aliyenifundisha alinitembeza kwenye nyasi bahari na hakuniruhusu kuokota kitu mpaka nimweleze kinakula nini. "Kitazame kinywa, mwanangu, gamba utaliona baadaye." Tangu hapo nimefanya kazi ya upakiaji katika ghala la kusafirisha viumbe Mombasa, na sasa natengeneza matangi ya maji ya chumvi katika nyumba za watu. Swali la mzee bado ndilo la kwanza kwangu kila mteja anaponiuliza amweke nani mchangani.

Wengi huanza na konokono, na nawaunga mkono. Nassarius hujifukia mzima mzima, akaacha mrija wake tu umechomoza juu ya mchanga, anavuta maji na kunusa. Dondosha kipande cha kamba, na baada ya muda mfupi mchanga unafumka kila upande, konokono wanatoka wakifuata harufu. Sijapata kuchoka kuitazama saa hiyo. Ila huyu ni mla mizoga na mabaki ya chakula. Anayemnunua ili amsafishie mwani atangoja bure, maana mwani si riziki yake. Wa mwani ni Cerithium, mwenye gamba refu lililochongoka: usiku hutambaa akila utando wa kijani na masalio, na kukikucha wengi wao hujichimbia. Tangi likiwa na uwanja mpana wa mchanga, naongeza Strombus mdogo wa kwenye nyasi bahari. Macho yake yako juu ya vikonyo, na mguuni ana kucha anayoikita chini akajirusha mbele.

Anayenisumbua moyo ni kiti cha pweza wa mchangani, yule wa jamii ya Astropecten. Miguu yake midogo haina vikombe vya kunatia; imechongoka, imeumbwa kwa kuchimba. Humeza mawindo mazimamazima, chaza wadogo, minyoo, vikonokono, kisha hutema magamba kwa kinywa kilekile kwa sababu hana tundu la haja. Ghalani nilipowapasua waliokufa nilikuta magamba madogo yamesheheni tumboni, na hapo nilielewa ukubwa wa shamba analohitaji mnyama mmoja. Baharini kila maji yanapojaa huleta mbegu mpya za chaza na minyoo. Ndani ya tangi la lita 200 hakuna maji yanayojaa. Atakomba kila kilicho hai mchangani, wakiwemo wale minyoo wadogo wanaoufanya mchanga wenyewe upumue, halafu ataanza kukonda. Kifo chake huchukua miezi, ncha za mikono zikilika kidogo kidogo, na mwenye tangi huku anadhani ni ugonjwa.

Mama mmoja wa Nyali aliwataka wawili. Nikamwambia, "Mama, pesa yako naihitaji, lakini hawa watakufa kwa njaa mbele ya watoto wako." Alinyamaza, akauliza kama hawezi kuwalisha kwa mkono. Wapo wanaofaulu kumsukumizia kipande cha nyama ya chaza chini ya mwili wake, nami nilimwambia hivyo, ila ni kazi ya kufanywa wiki baada ya wiki, miaka nenda miaka rudi. Akachukua konokono. Kiti cha pweza wa aina hiyo siku hizi siagizi kabisa, na vijana wanaoniletea mzigo wanajua kwamba hata wakimleta nitawaomba wakamrudishe.

Masika nayo ina sheria yake. Mto Umba ukifurika kule Vanga, na Ramisi ukimwaga maji mekundu, chumvi ya maji ya pwani hushuka, na mnyama aliyeokotwa wakati huo hutoka kwenye maji mepesi kuliko yale ya tangi, ambayo mimi huyaweka kwenye gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Jamii ya kiti cha pweza na jongoo bahari haivumilii mabadiliko ya ghafla hata kidogo. Hivyo maji ya tangi nayadondosha ndani ya ndoo ya mgeni kwa mrija mwembamba, tone kwa tone, kwa saa nzima au zaidi. Kabla ya hapo huuliza kama tangi liliwahi kutiwa dawa ya samaki yenye shaba. Shaba huua konokono, kamba na jongoo kwa kiasi ambacho samaki hakimdhuru, na huweza kujificha katika mawe na mchanga muda mrefu.

Jongoo mweusi, Holothuria atra, ndiye ninayemchelewesha kuliko wote. Hula mchanga wenyewe, akachuja uhai ulioshika kwenye punje, akautoa ukiwa safi. Kwa hiyo tangi jipya lenye mchanga mweupe wa dukani ni jangwa kwake. Nataka punje laini, kina cha sentimita tano hivi, na miezi mingi ya utando wa kahawia na vijidudu kabla hajaingia. Kokoto kali za matumbawe siziweki, zinamchuna ngozi. Kisha nazifunga pampu zote kwa sponji imara, maana jongoo akinyonywa na pampu akakatika, sumu iliyomo mwilini mwake inaweza kuua samaki wote. Wateja wengine huona naringa ninapokataa kuwaletea mpaka nimeziona pampu. Naenda kuziona.

Na vijana wanaookota nawaonya kuhusu gamba moja zuri kupita yote, lenye umbo la pia na michoro kama kitambaa, ambalo hujifukia palepale penye Nassarius. Conus huyo hupiga kwa mshale wenye sumu, na Conus geographus amewahi kuua watu. Ndoo yenye gamba hilo siipokei, hata kama mnunuzi wa ng'ambo ameshalipa.