Kura ya Mgomo Tulipiga, ya Rais Hatukupiga

Nilianza ualimu mwaka 1989 katika shule ya msingi huko chini, Bonde la Rukwa, wakati wafanyakazi wa nchi nzima tulikuwa na chama kimoja tu, JUWATA. Kadi nilipewa na makato niliyaona kwenye mshahara, lakini sikumbuki kuulizwa na mtu yeyote nani atuongoze. Mwalimu mkuu wetu, mzee wa Kifipa aliyeshika chaki kabla ya Azimio la Arusha, hakuona ajabu. Yeye alikuwa amepitia NUTA, iliyotangulia JUWATA na iliyoundwa mwaka 1964 baada ya maasi ya jeshi ya Januari, pale shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, ambalo Rashidi Kawawa aliwahi kuwa katibu mkuu wake, lilipovunjwa. Katibu Mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais wa nchi. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi.

"Sasa mwanangu," mzee aliniambia, "ukimlalamikia waziri, barua yako itapitia kwa katibu, na katibu ndiye huyohuyo waziri."

Ndiyo maana Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kilipoandikishwa Novemba 1993 tulifurahi kweli. OTTU ilikuwa imeshika nafasi ya JUWATA tangu 1991, ila walimu tulitaka chama chetu wenyewe, kinachojua mwalimu wa Muze anaupandaje ukingo wa bonde kufuata mshahara Sumbawanga mjini. Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia juu, upande wa Laela, kwenye baridi na upepo wa Ufipa. Tulikutana ofisini baada ya vipindi, tukamchagua mwakilishi wetu wa mahali pa kazi: mama mmoja wa darasa la kwanza, mpole kwa watoto na mkali kwa wakubwa. Akiitwa mjini alipanda lori la mahindi, akakaa juu ya magunia, na mkobani akabeba daftari la maswali yetu: malimbikizo, likizo, uhamisho, madaraja. Akirudi alitusomea majibu moja baada ya jingine. Jibu lisiporidhisha, tulimrudisha.

Huo ndio uongozi nilioupenda. Tulimchagua sisi, tulimwona kila asubuhi, na tungeweza kumwondoa.

Juu ya hapo mambo yalikwenda kwa ngazi. Shule ilipeleka wajumbe wilayani, na kutoka hapo ngazi zikapanda hadi Mkutano Mkuu wa Taifa, na huko ndiko Rais wa CWT alikopatikana. Mimi pia nilichaguliwa mjumbe, nikafika hadi mkutano wa mkoa. Wenzangu wengi ukumbini walikuwa watu waadilifu waliojua shida za walimu. Lakini walimu walionituma walinituma kwa sababu nilijua kudai malimbikizo. Hakuna aliyeniambia ningempa nani kura, wala hakuna aliyejua niliyempa. Kwa ngazi mbili tatu za namna hiyo, sauti ya mwalimu wa darasani inakuwa imebaki ndogo sana. Jina la kiongozi wetu mkuu tulilisikia redioni, kama tulivyosikia matokeo ya mpira.

Kisha ukaja mwaka 2012. Chama kilidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na posho ya mazingira magumu ya asilimia 30. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotugusa. Wenzetu wa Kirando na Kasanga kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na wa Ilemba na Mtowisa bondeni, hawakuhitaji kuelezwa mazingira magumu ni kitu gani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mgomo uamuliwe kwa kura ya wanachama. Basi Julai ile, mahindi yamekwisha kuvunwa na baridi ikiwa kali hata ofisini tukikaa na makoti, tulipiga kura shuleni kwetu, mmoja mmoja. Boksi la chaki lilikuwa sanduku. Aliyekuja wiki ile na barua ya ajira na aliyebakiza miezi kustaafu, kila mmoja alikuwa na karatasi yake moja. Mama wa darasa la kwanza alihesabu mbele yetu. Sijawahi kukiona chama kikiwa chetu kama siku ile.

Mgomo ulianza Jumatatu, 30 Julai. Alhamisi, 2 Agosti, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikausimamisha, tukarudi darasani. Sitaki kuirudia kesi hapa. Ninachokumbuka ni swali la kijana mmoja wa hesabu tukiwa tunafuta ubao: "Mwalimu, kama tunatosha kuamua kugoma, kwa nini hatutoshi kumchagua anayetuongoza kwenye mgomo?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalisikia lililonitosha. Katika mgomo mwalimu anaweka rehani kazi yake na chakula cha wanawe. Anayeaminiwa kufanya uamuzi huo aaminiwe pia kumchagua rais.

Wapo wanaosema gharama ya kura ya kila mwalimu ni kubwa na shule zimetawanyika. Hoja hiyo wasituletee walimu. Uchaguzi Mkuu wa 2015 nilikuwa msimamizi wa kituo, na kituo kilikuwa darasa langu mwenyewe. Tulihesabu usiku kwa taa ya sola, mawakala wakaweka sahihi, nikabandika matokeo mlangoni. Wasimamizi na makarani wengi nchi hii ni walimu. Tunawahesabia Watanzania kura za Rais wa Jamhuri, halafu tunaambiwa kura za rais wa walimu hazihesabiki.

Hoja nzito ni nyingine, nayo niliisikia mkutanoni kutoka kwa mjumbe wa Nkasi. "Kaka," alisema, "walimu wa Rukwa ni wangapi mbele ya Dar es Salaam na Mwanza? Kwa wajumbe angalau tunaonekana ukumbini. Kwa kura ya kila mtu tutamezwa." Ni kweli, na mtu wa mkoa mdogo asiidharau. Wakenya walipoandika Katiba yao ya 2010 waliliona hilo: rais wao lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Chama kinaweza kuweka sharti kama hilo kwa mikoa. Hapo mgombea hataweza kutegemea mikoa mikubwa peke yake.

Wala kura ya wanachama wote si jambo la kubuni. Uingereza sheria inadai viongozi wakuu wa vyama vya wafanyakazi wachaguliwe na wanachama wenyewe. Marekani, wafanyakazi wa viwanda vya magari wa chama cha UAW waliamua hivyo kwa kura ya maoni mwaka 2021, baada ya viongozi wao wa juu kufungwa kwa ufisadi. Mwaka 2023 Shawn Fain akashinda urais kwa tofauti ya kura 483, na mwaka huohuo akaongoza mgomo dhidi ya GM, Ford na Stellantis. Waliojitokeza kupiga kura hiyo walikuwa wachache mno. Hilo linanisumbua, na linanifanya niamini kuwa sanduku lazima liwe shuleni, mahali mwalimu alipo, kama lilivyokuwa boksi letu la chaki.

Yule mjumbe wa Nkasi aliniuliza kama kweli mgombea atapanda boti kwenda kuomba kura kwa walimu wa vijiji vya ziwani. Nilimjibu kwamba walimu wale wanakatwa asilimia mbili ya mshahara kila mwezi sawa na mwalimu wa Ilala, kwa hiyo apande.