Jiko la Gesi Nyumbani mwa Mama

Mama yangu alipika juu ya mafiga matatu kwa zaidi ya miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote moto haukumdhuru ila kwa moshi wake. Mwezi mmoja baada ya mimi kuingiza jiko la gesi nyumbani mwake, aliungua miguu yote miwili. Wengi waliopata habari hii hapa Diff walisema kwamba gesi ni adui. Mimi nasema kosa lilikuwa langu, na kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha, nitalieleza kosa hilo kwa urefu kidogo, ili ninyi msomao mjue lilivyotendeka.

Diff ni mji mdogo wa kusini mwa Kaunti ya Wajir, karibu sana na mpaka wa Kenya na Somalia. Nchi yetu ni tambarare, ya mchanga na migunga, na wengi wa watu wake ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Katika nchi kama hii kuni si kitu cha kuokotwa uani. Nilipokuwa mtoto mama alitoka alfajiri, akarudi na mzigo wake kabla jua halijawa kali. Nilipomaliza masomo ya ualimu, mzigo ule ule ulimchukua mpaka adhuhuri. Macho yake yalikuwa mekundu daima, na kikohozi chake tulikizoea hata tukawa tunamtambua nacho gizani. Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba moshi wa nyumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 katika mwaka 2020 peke yake. Kwa hiyo mtu aniambiapo kwamba kuni ni salama na gesi ni hatari, humwomba kwanza akaketi kando ya mafiga kwa saa mbili, kisha ndipo tuzungumze.

Moto wa gesi niliuona mara ya kwanza Garissa, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu mmoja wa kike alitualika chai nyumbani kwake. Akawasha njiti, akazungusha swichi, na mara likatokea duara la miali ya buluu, isiyo na moshi wala majivu. Wenzangu waliendelea na mazungumzo. Mimi nilikuwa nikimfikiria mama. Ilinichukua miaka kadhaa ya mshahara kuitimiza nia niliyoiweka siku ile. Mwishowe nilinunua jiko kubwa la kusimama, lenye vichomeo vinne juu na oveni chini, ambalo watu wa mijini huliita kuka, pamoja na mtungi wa kilo 13. Vikapakiwa katika lori juu ya magunia ya sukari na unga, vikafika Diff vimevikwa vumbi jekundu kama wasafiri wengine wote.

Sikuwa mjinga kabisa wa mambo ya gesi. Mtungi niliusimamisha nje ya ukuta, penye kivuli na upepo, kwa maana ndani yake gesi imeshindiliwa hata ikawa maji, na maji hayo hupanuka yapatapo joto. Mtungi uliojazwa kwa haki haujazwi pomoni. Huachiwa nafasi ya kiasi cha sehemu moja ya tano kwa ajili ya upanuzi huo. Basi si busara kuuanika katika jua letu. Wala si busara kuulaza ubavu, kwa sababu hapo maji yenyewe huweza kukimbilia mpirani badala ya mvuke, na mwali ukatoka mkubwa kuliko alivyotazamia mpishi. Mpira nilinunua ule uliotengenezwa kwa kazi ya gesi, si mpira wa kumwagilia bustani, nikaukaza kwa vibano katika ncha zote mbili. Kisha nikakoroga povu la sabuni, nikalipaka kwenye kila kiungo na juu ya kile kichwa cha kupunguza nguvu ya gesi ambacho mafundi hukiita regyuleta. Vipovu vikifura mahali, hapo pana uvujaji. Jirani mmoja aliyekuja kutazama alishauri kwamba ni rahisi zaidi kupitisha njiti iwakayo. Njia hiyo ni ya upesi kweli, na jibu lake husikika mpaka mtaa wa pili.

Nikamfundisha mama kuwasha: njiti kwanza, gesi baadaye. Mtu afunguaye gesi kisha akaanza kutafuta kiberiti hujikusanyia wingu mbele ya uso wake. Katika oveni jambo hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa ni sanduku, na gesi haina pa kutokea. Lazima mlango wake uwe wazi kabla ya kuwasha. Mwalimu mwenzangu aliyeipuuza amri hii alifundisha muhula uliobaki bila nyusi. Nikamfundisha mama kuzima pia. Alijifunza kwa siku mbili, nami nikajiona nimemaliza somo.

Nilimfundisha mikono, nikasahau pua.

Gesi ya kupikia, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, kwa asili haina rangi na karibu haina harufu. Ile harufu mbaya tuijuayo hutiwa makusudi: ni dawa kidogo ya jamii ya merikaptani, inukayo kama kitu kilichooza, ili pua ya binadamu iitambue gesi kabla haijawa nyingi kiasi cha kushika moto. Kwa maneno mengine, harufu ile ni barua. Lakini barua humfaa yule tu ajuaye kuisoma. Na tena gesi hii ni nzito kuliko hewa. Moshi wa kuni hupanda, ukatafuta paa na kutoka. Gesi hushuka, ikatambaa sakafuni, ikakaa katika pembe na chini ya vitanda kama maji yasiyoonekana. Mama, ambaye maisha yake yote aliangalia juu kuona kama moshi unatoka, hakuwa na sababu ya kuangalia chini.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Niliamka kabla ya daku, nikateleka sufuria ya maziwa ya chai, nikaongeza moto, nikarudi kujinyosha kwa dakika moja. Vijana, jihadharini na dakika hiyo. Usingizi ulinichukua karibu saa nzima. Maziwa yalichemka, yakafurika, yakazima mwali. Lakini swichi ilikuwa wazi, na gesi ikaendelea kutoka kimya kimya. Jiko langu halikuwa na kile chombo cha usalama kilichomo katika baadhi ya majiko mapya, kifungacho gesi pindi mwali uzimikapo. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vumbi, na mlango pia.

Mama aliamka akasikia harufu. Kwake ilikuwa na maana moja tu: kuna panya amefia nyuma ya jiko. Basi alifanya lile ambalo mwanamke yeyote wa Kisomali mwenye kujali nyumba yake angelifanya. Alikwenda uani, akafukua makaa aliyoyafukia majivuni tangu jioni, akayatia katika dabqaad, yaani chetezo chetu cha udongo, akanyunyiza unsi juu yake, ili aifukize nyumba na kuiondoa ile harufu kabla hatujala daku. Makaa kwake yalikuwa rafiki wa zamani. Kwa makaa alivitia moshi vyombo vya maziwa visiharibike, na kwa makaa alipokea wageni. Alifungua mlango wa jikoni, akainama kukiweka chetezo sakafuni.

Nilizinduliwa na sauti kama ya turubai kubwa likung'utwalo mara moja. Mwali ulipita juu ya sakafu, ukaenda ukutani, ukatoweka. Mama alikuwa amesimama katikati, pindo la vazi lake linawaka. Nilimvuta nje, nikauzima moto kwa blanketi, nikakimbilia mtungi nikafunga vali yake. Kama mlango usingelifunguliwa, au kama ningelilala nusu saa zaidi, nadhani ningeliandika habari nyingine.

Majirani walikuja mbio, mmoja na samli, mwingine na dawa ya meno, kwa kuwa hizo ndizo dawa za kuungua wazijuazo watu. Zote hazifai; hufunika joto ndani ya ngozi na kumzuia mganga asione jeraha. Kifaacho ni maji safi ya baridi, yamiminwayo polepole kwa muda wa dakika 20. Nyumba yetu ilikuwa na jerikeni mbili za maji, nazo zilikuwa za siku tatu. Nilizimimina zote juu ya miguu ya mama, naye akilia, si kwa maumivu peke yake, bali kwa kuyaona maji yakinywewa na mchanga. "Acha kidogo ya chai, hooyo," alikuwa akiniambia. Kwetu mama humwita mwanawe kwa neno lile lile aitwalo yeye, na sijapata kulisikia likinichoma kama asubuhi ile. Kulipopambazuka tulimpeleka zahanati. Alikaa majuma sita bila kuvaa viatu.

Alipopona, hakutaka kuingia jikoni. Nami sikumlazimisha. Nilifungua mlango na dirisha, nikahakikisha hapana moto wala kaa popote, nikazungusha swichi moja kwa nukta chache bila kuwasha, nikaifunga, nikamwita asimame mlangoni. "Huyu ndiye panya wako," nikamwambia. Alivuta pumzi, akakunja uso. Hapo ndipo somo lilipoanza kwa kweli. Nilimweleza kwamba harufu ile isikiwapo, hapana njiti, hapana chetezo, hapana kugusa swichi ya taa, wala kuwasha simu au tochi humo ndani, maana cheche ndogo isiyoonekana hutosha. Kifungwe vali cha mtungi, milango ifunguliwe, watu watoke, na asirudi mtu mpaka harufu imekwisha. Mama aliuliza maswali ambayo mimi, mwenye cheti cha ualimu, sikuwa nimeyawaza. Aliuliza kama gesi hukaa chini, kwa nini tundu la kutolea hewa liko juu? Juma lile lile fundi alitoboa matundu mawili chini ya ukuta, tukayawekea wavu wa waya kuzuia nyoka.

Tangu hapo yeye ndiye mlinzi wa jiko, na mimi ni msaidizi wake. Vumbi la Diff huingia kila mahali, likaziba matundu ya vichomeo. Mwali wa buluu ukigeuka manjano na sufuria zikaanza kupata masizi, yeye huwa wa kwanza kuona. Mwali wa manjano ni dalili kwamba gesi haipati hewa ya kutosha, na moto wa namna hiyo katika chumba kilichofungwa huweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hungoja jiko lipoe, akavitoa vichwa vya vichomeo, akavisugua kwa brashi na maji ya sabuni, akavianika mpaka vikauke kabisa. Mara moja tulikuta buibui amejenga ndani ya mrija wa kichomeo. Nilitaka kutia waya mnene kupanua tundu la gesi; akanizuia, na alikuwa na haki, kwani tundu likipanuliwa hupitisha gesi nyingi kuliko kipimo chake. Mpira huukunja kidogo kwa vidole kila Ijumaa, akatazama nyufa na alama za meno ya panya, wale panya wa kweli.

Mtungi uishapo huwa na kazi nyingine, nayo ni kujua umejazwa na nani. Yako maduka yajazayo mitungi kwa njia za wizi, bila mizani wala uchunguzi, na bei yao huvutia. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Embakasi mjini Nairobi, lori la gesi lililipuka kwenye kituo ambacho serikali ilisema hakikuwa na kibali. Watu walikufa, na zaidi ya mia mbili wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Huku kwetu gesi huja kwa lori kutoka mbali, na kungoja mtungi wa halali ni jambo la kuchosha. Hata hivyo twangoja. Ukifika, twauweka juu ya mizani ya muuza sukari: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya chuma chenyewe, na ukiongeza kilo 13 wajua ulichonunua. Mtungi ulio mwepesi umekuibia. Ulio mzito kupita kiasi ni wa kuogopwa zaidi.

Chai ya alfajiri ningali naipika mimi, ila sasa nasimama kando ya sufuria mpaka mwisho. Kabla sijawasha njiti, mama hunitangulia. Husimama mlangoni kwa miguu yake yenye makovu, huinama mpaka ncha ya shungi lake iguse sakafu, huvuta pumzi mara mbili.

"Ingia, hooyo," huniambia. "Leo panya yu hai."