Joka Chini ya Kitanda Changu



Ndugu zangu wasomaji, leo nataka kuwaeleza jambo lililonikuta nyumbani kwangu hapa Buyenzi, Bujumbura. Huenda likamfaa mzazi mwingine.

Binti yangu wa miaka 13 aliazima The Hobbit, kwa Kifaransa, kitabu cha Mwingereza J.R.R. Tolkien kilichotoka mwaka 1937. Nilipoona joka kwenye jalada nikataka akirudishe. Akasema, "Mama, kaa kwanza nikusimulie." Nikakaa.

Akanieleza kuwa katika dunia aliyoibuni mwandishi huyo, majoka si wa aina moja. Wapo wa baridi, wasiotema moto. Wapo wanaotambaa bila mbawa, kama Glaurung, baba wa majoka. Huyo hutema moto, lakini silaha yake kubwa ni ulimi: huchanganya kweli na uongo mpaka shujaa akamwacha mateka aliyekuwa akimlilia amwokoe. Wapo wenye mbawa, kama Ancalagon, mkubwa kuliko wote, aliyetolewa kwa ajili ya vita. Na yupo Smaug, naye ana mbawa na moto, lakini kazi yake ni kulalia mali. Aliwapora mbilikimo mlima wao, akakaa juu ya dhahabu yao miaka 171.

Siku moja Bilbo akaingia kwa kunyata, akaiba kikombe kimoja tu. Joka akaamka, akajua, akatoka kwa hasira kuchoma kila kitu.

Binti yangu akacheka: "Mama, hajawahi kukinywea hata siku moja, lakini anajua kimepotea!"

Mimi sikucheka. Tangu mama yetu afariki mwaka 2019, sanduku lake lilikuwa chini ya kitanda changu. Bangili nne za dhahabu na kanga zake. Dada yangu mkubwa aliomba fungu lake, nikamjibu, "Wakati wake utafika." Akaomba tena, tukagombana, tukaacha kusalimiana. Moyoni nilijiambia natunza amana ya mama. Ilikuwa kweli nusu, kama maneno ya Glaurung. Mirathi ina mafungu yake, nami nilijua hivyo.

Nikamuuliza mwisho wake. Akasema Smaug aliuawa kwa mshale, lakini fitina haikuisha. Mbilikimo na majirani zao nusura wapigane kwa ajili ya ile dhahabu. Mkuu wa mji alikimbia na sehemu yake, akafa njaa nyikani. Joka amekufa, ugonjwa wake umebaki.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mjomba anisindikize, tukalipeleka sanduku kwa dada. Tulipofungua, bangili zilikuwa nzima. Kanga zilikuwa zimeliwa na nondo. Dada hakuzitazama bangili. Alishika kanga moja iliyotoboka, akalia, nami nikalia. Mjomba akagawa. Dada hakusema kuwa amenisamehe, ila aliniwekea chai, na Ijumaa alinipigia simu kuniuliza hali ya watoto.

Ndugu wazazi, kabla hamjakirudisha kitabu cha mtoto, kaeni awasimulie. Na kama kuna sanduku chini ya kitanda, lifungueni mapema, kabla ya nondo.