Mashine Yenye Magurudumu

Mbao ya futi 12 inadai chumba cha futi 24. Anayesukuma mbao juu ya mashine ya kuranda anaijua hesabu hiyo kwa mgongo wake: futi 12 kabla ya kisu, futi 12 baada ya kisu. Fremu yangu ya Keko, Dar es Salaam, ina futi 10 kwa 12. Karibu kila nilichokibadilisha katika karakana hii kimetokana na ugomvi wa namba hizo.

Nilipoanza kujifunza ufundi, mwishoni mwa miaka ya 1980, ugomvi huo haukuwapo. Mzee aliyenifundisha alikuwa na benchi moja la mkongo chini ya mwembe, zito kiasi kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kulihamisha. Lilikuwa na jiliwa la mbao pembeni, na juu yake randa ndefu, randa fupi, misumeno, patasi na keekee ya kuzungusha kwa mkono. Mbao ilibanwa ikatulia, fundi ndiye aliyetembea. Uliranda mninga wa futi 7 ukienda mbele na kurudi nyuma mpaka maranda yakufunike vifundo vya miguu, na Mzee hakuhitaji kuangalia, alisikiliza. "Dogo, hiyo randa inalia njaa," alikuwa akisema, maana yake kisu kimeingia ndani mno au hakikunolewa. Mlango mmoja wa paneli ulikula wiki nzima, na mteja hakuona ajabu.

Kisha tukaanza kupeleka mbao mashineni. Walikuwapo wenye umeme wa njia tatu na mashine kubwa, nasi tulipakia mbao kwenye mkokoteni, tukapanga foleni na kulipa kwa kila ubao. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika chache. Ila mwenye mashine aliitega kwa mteja wa kwanza na hakuigusa tena hadi jioni. Ukipeleka mbao za miguu ya kitanda leo na za ubao wa kichwani kesho, unarudi na unene wa aina mbili, na tofauti ile ndogo unaimaliza kwa randa ya mkono usiku. Visu vikiwa butu, mbao ilirudi na mawimbi ambayo hayakuonekana mpaka umepaka vanishi, mbele ya mteja.

Kwa hiyo nilipopata fremu yangu, kitu cha kwanza kilikuwa kombaini. Ni mashine ya akili nyepesi sana, ndiyo maana naipenda. Fundi wa kuchomelea anaunda meza ya chuma, anaweka shafti moja juu ya beringi mbili. Katikati ya shafti kinakaa kichwa chenye visu vya kuranda, upande mmoja msumeno wa duara, upande wa pili keekee ya kutobolea matundu ya ndimi. Mota inakaa chini. Yangu ni ya farasi tatu, inazunguka mara 2,800 hivi kwa dakika. Ukifunga puli ya inchi 6 kwenye mota na ya inchi 4 kwenye shafti, unapata 4,200. Kwa mzunguko huo jino la msumeno wa inchi 10 linakwenda kama kilomita 200 kwa saa, mwendo ambao hata dereva wa daladala wa jioni hajaufikia. Nawaeleza vijana namba hiyo kabla sijawaonyesha swichi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wazo la mota moja kazi nyingi lina wazee wake mbali. Marekani, mwaka 1947, Hans Goldschmidt, mzaliwa wa Ujerumani, aliingiza sokoni Shopsmith, mashine moja inayogeuzwa kuwa msumeno, kerezo, keekee ya kusimama na ya kulala, na sahani ya msasa. Ni kazi ya akili kubwa, lakini ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayejifurahisha nyumbani jioni. Kila ukibadili kazi, lazima uipange upya. Anayelipwa kwa kitanda, si kwa saa, hawezi. Kombaini yetu ina sura mbaya, ila randa, msumeno na keekee viko tayari wakati wote.

Kwanza niliifunga kwa bolti kwenye sakafu ya saruji, imeelekea mlangoni, ili mbao ndefu ipate pa kutokea. Hapo nafasi yote ya ndani ikawa mali yake. Kitanda cha futi 6 kwa 6 kiliunganishwa nje, juani, na mvua ikianza kilirudi ndani vipande vipande. Majirani walifanya kinyume: mashine nje chini ya bati, fundi ndani. Lakini nje ni kando ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati, na alama nyekundu ya X ikaanza kuonekana kwenye kuta nyingi za jijini. Kilichochimbiwa kwenye saruji hakina pa kukimbilia. Nikafungua bolti.

Kuweka magurudumu si kazi. Kazi ni kuyaondoa. Yale yenye breki yanayouzwa Kariakoo yanazuia mashine isitembee, hayaizuii isitikisike, na mtikisiko unaandikwa kwenye mbao kama mawimbi yaleyale. Mashine inataka kusimama kwa miguu yake. Kwa hiyo chini ya fremu ya skwea paipu nilifunga mabawa mawili kwa bawaba, kila bawa na magurudumu yake. Ukikanyaga bawa linashuka, linanyanyua upande huo kiasi cha inchi moja, na kibao kidogo cha mninga kinaangukia nyuma yake kulizuia lisirudi. Unaisukuma mashine unakotaka, unavuta kamba, vibao vinatoka, miguu inakaa chini. Mota na vyuma vizito vyote viko chini kabisa, la sivyo ingepinduka kwenye kizingiti. Waya wa umeme ni wa milimita 2.5, mfupi iwezekanavyo. Mota kubwa kwenye waya mrefu mwembamba inakosa nguvu na kuungua.

Asubuhi mashine inakwenda mlangoni, mbao ndefu zinarandwa zikitokea kibarazani. Mchana inakwenda ukutani, sakafu inabaki kwa kuunganishia. Jioni imo ndani, mlango umefungwa.

Upande mmoja wa meza niliacha jiliwa na benchi la mkono, na wenzangu walicheka. Nilikuwa nakumbuka mwaka 2006, maji yalipopungua bwawa la Mtera na umeme ukawa wa mgawo. Mafundi waliokuwa wameuza randa zao walikaa vibarazani wakicheza bao.

Kilichoibadilisha mashine tena si umeme wala barabara. Ni MDF, bodi la nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Mteja wa sasa anataka kabati la jikoni jeupe, na mninga umekuwa wa wenye fedha. Bodi la MDF la milimita 18, futi 8 kwa 4, lina uzito wa kilo 40 hivi, halihitaji kurandwa, na huwezi kulipasua kwenye meza ndogo bila kitu cha kulibeba. Nikaongeza meza mbili za kukunjwa kushoto na kulia, na rauta iliyofungwa kichwa chini katika mojawapo. Vumbi la MDF ni laini kuliko la mninga, nalo la mninga linawabana wengine kifua. Hakuna anayesimama pale bila barakoa, hata mteja.

Meza hizo zote, benchi, msumeno na rauta, ziko inchi 34 kutoka sakafuni. Zikipishana hata kwa unene wa kucha, bodi linajikwaa katikati ya msumeno, na hapo ndipo watu wanapoumia. Sasa mpwa wangu, anayefanya kazi nami na amenipita kwa kichwa kizima, anasema, "Mjomba, mgongo wangu unakufa, tupandishe meza ya rauta." Nimemwambia ukipandisha moja umepandisha zote, na mimi nitaomba stuli. Ameshapima miguu yote kwa chaki, na Jumamosi fundi wa kuchomelea anakuja.