Gesi ya Ruvu na Shamba la Mjomba

Watu wa kwetu Kisarawe wakisikia kwamba nasoma Kibaha huniuliza habari za gesi, kana kwamba bomba lapita chini ya kitanda changu bwenini. Anayeuliza kuliko wote ni mjomba wangu. Yeye ana shamba la ekari tatu, na mikorosho yake mingi imekwisha zeeka. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba futi za ujazo zaidi ya trilioni 2 za gesi asilia zimegunduliwa katika bonde la Ruvu, mkoani kwetu Pwani, hakupanda mche hata mmoja. Husema, "Nipande wa nini, na wenye gesi watakuja kulinunua shamba kwa mamilioni?"

Likizo iliyopita nilimweleza niliyoyasoma. Gesi iliyo ardhini si mali ya mwenye shamba. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 yasema ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Shamba likitwaliwa, mwenyewe hulipwa fidia ya ardhi na ya vitu alivyoviendeleza humo, mazao yakiwamo. Basi shamba la magugu litalipwa kidogo kuliko shamba la mikorosho. Hapo mjomba alikohoa.

Tena, toka kisima hadi bomba ni mwendo mrefu. Gesi ya Songo Songo, wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, nayo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Miaka 30! Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, na bomba kubwa la kuileta Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Kuiona gesi hakutoshi. Lazima ijulikane itatoka kiasi gani, kwa gharama gani, na nani atainunua. Wanunuzi wenyewe hubadilika. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo ya megawati 2,115, kwa hiyo umeme wetu hauitegemei gesi kama zamani.

Sisemi gesi haina faida. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill huitumia, na wengi wetu tumesomea taa zilizowashwa kwa gesi hiyo.

"Na hii ya mtungi je?" mjomba aliuliza. Nadhani hapa ndipo wengi wanapochanganya. Gesi ya mtungi ni ya jamii nyingine: hugandamizwa mpaka ikawa kimiminika, nayo huletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Gesi asilia ya kwetu, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, husafiri kwa bomba. Mtu aweza kukaa juu ya gesi asilia na bado akapikia mkaa, kama wanavyofanya nyumbani kwa mjomba.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza mkorosho wa siku hizi huzaa baada ya miaka mingapi. Nilimjibu kwamba huanza mwaka wa tatu hivi, ukitunzwa. Akahesabu kwa vidole, akacheka.

"Mpwa wangu," akasema, "ukirudi huko shuleni, waulize walimu wa kilimo bei ya miche hamsini."