Mtoto Amenyamaza

Mama mkwe wangu alipanda garini na kapu la ukili lililofura kama la mtu anayehama. Doti mbili za khanga, taulo kubwa, kofia ya sufu, soksi, chupa ya chai. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, tunatoka Moshi kwenda Chemka, kule Kikuletwa wilayani Hai. Nikamtania: "Mama, tunakwenda kwenye maji ya moto, hatuendi Ulaya." Hakunijibu. Alilisogeza kapu miguuni pake akafunga mlango.

Aliyefika Chemka anajua jinsi jina lile linavyodanganya. Maji yanabubujika kutoka ardhini kama yaliyo jikoni, lakini ukitia mguu huukuti moto wowote. Ni maji safi ajabu, unaona hadi samaki wadogo wanaokudonoa vidole, na mikuyu mikubwa imeyafunika kwa kivuli. Kwa mtu mzima aliyekula vumbi la barabara kutoka Boma Ng'ombe, ni raha tupu. Sisi tulichelewa njiani, tukafika saa kumi alasiri. Wingu limetanda, upepo unapita chini ya miti, na mimi nina binti wa miezi saba ambaye hajawahi kuingia kwenye maji mengi kuliko ya beseni.

Niliingia naye. Mwanzo alipiga kelele, akapigapiga maji kwa viganja, akacheka, akanitemea maji usoni. Mke wangu alikuwa ukingoni na simu anapiga picha. Baada ya dakika kama kumi hivi mtoto akatulia. Akalaza kichwa begani kwangu, macho wazi, miguu imelegea. Nikajiona baba hodari. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mnaona? Ameshazoea."

Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya mzizi wa mkuyu, khanga ameikunjua mikononi. "Baba," akaniita, "mtoto amenyamaza."

"Ametulia, mama. Anafurahia."

"Nimesema amenyamaza. Mlete."

Kuna sauti ya mama mkwe ambayo mkwe hajibizani nayo. Nilimleta. Hakumshika mikono wala miguu, alipitisha kiganja kifuani na kisogoni, akaguna. Nilipotazama vizuri nikaona midomo ya mtoto imepauka. Chupi ya kuogelea ikavuliwa palepale, kichwa kikafutwa kwanza, kisha mwili, halafu mtoto akaingizwa ndani ya gauni la mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, khanga mbili juu. Akapewa ziwa. Mimi, baba hodari, nilisimama pembeni nikitetemeka, hakuna aliyeniuliza kama nasikia baridi.

Na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe: mimi nilikuwa natetemeka, yeye hakutetemeka hata kidogo. Sisi watu wazima baridi ikituingia misuli inacheza, meno yanagongana, kila mtu anajua. Mtoto mchanga hana uwezo mkubwa wa kutetemeka. Yeye huunguza mafuta maalumu, yanayoitwa mafuta ya kahawia, aliyopewa na Muumba katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Ni kama mkaa wa akiba. Unawaka kimyakimya, unakula sukari na oksijeni yake, na ukianza kupungua mtoto halii zaidi; anapunguza kucheza, analegea, anakaa kimya. Kimya kilekile nilichokiita furaha.

Hesabu ya maji nayo haimpendelei. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa yenye nyuzi zilezile. Hewa ya nyuzi 26 unaivalia fulana na kuisahau. Maji ya nyuzi 26 yanakula joto lako kila dakika, maana mwili wa mtoto unatakiwa ubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Tena mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili. Ndiyo maana huduma ya afya ya taifa kule Uingereza huwaambia wazazi kwamba bwawa la mtoto wa chini ya miezi sita liwe na nyuzi zipatazo 32, waanze na dakika kumi, na akianza kutetemeka atolewe mara moja afunikwe. Ndiyo maana pia Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24 tangu azaliwe.

Lakini mama mkwe hakusoma kokote. Nilipomwuliza jioni ile alijuaje, alinitazama kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Mtoto anayefurahi ana kelele," akasema. "Halafu wewe uliandaa kuingia. Hukuandaa kutoka." Akaendelea kumenya ndizi za mtori.

Neno hilo la pili nililipima baadaye nikaliona ni kweli tupu. Majini mtoto alikuwa amenikumbatia, angalau kifua changu kilimpa kitu. Hatari kubwa ilikuwa zile hatua kumi za kutoka, mwili umelowa, upepo unakausha maji juu ya ngozi na kuondoka na joto. Kama mama mkwe asingekuwa na khanga mkononi, taulo lingekuwa kwenye gari, gari limefungwa, ufunguo uko kwenye suruali, na suruali sijui nimeitundika tawi gani. Ninajijua.

Mwezi uliofuata mke wangu alirudi kutoka soko la Memorial na kivazi cha ajabu alichokiokota kwenye mitumba: nguo nene ya mpira laini, ndogo, yenye zipu mgongoni. Muuzaji alidhani ni ya kuigizia. Kumbe ni suti ya kuogelea ya mtoto. Mpira wake umejaa vipovu vidogo vya gesi, na ni vipovu hivyo vinavyozuia joto lisitoroke. Mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California ndiye aliyelifikiria jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa akiwatafutia wapiga mbizi wa jeshi la majini la Marekani vazi la baridi: aliona kwamba mtu halazimiki kuwa mkavu ili apate joto. Suti inasaidia, sikatai. Ila ukitoka majini inageuka kitambaa kilicholowa kwenye upepo kama kingine chochote. Mvue mara moja. Hakuna vazi linalochukua nafasi ya mtu mkavu anayekungoja ukingoni.

Kimya kile kimenifuata mbali na Chemka. Nina mdogo wangu Dar es Salaam. Zamani alikuwa akipiga simu kila Jumapili kulalamika: kodi, foleni, bosi, dagaa wamepanda bei. Kuna kipindi akaacha. Wiki sita, saba, hakuna lawama, ukimpigia anajibu "salama tu, kaka." Nyumbani tukasifu: siku hizi dogo ametulia. Siku nilipokwenda nilimkuta analala kwenye kibanda cha fundi mwenzake, kazi imeisha miezi mitatu nyuma. Nilipokuwa namsikiliza, nilimwona binti yangu amelaza kichwa begani, na mimi natangaza kwamba ameshazoea. Nilikuwa nimeshafundishwa somo hilo mara moja, na bado sikulitambua lilipokuja kwa sura nyingine.

Siku hizi tunaogelea na mtoto saa saba au saa nane mchana, jua likiwa juu, akiwa ameshanyonya lakini si muda huohuo. Dakika kumi, tunatoka, hata kama analia anataka kurudi. Na mmoja wetu haingii majini kabisa. Kazi yake ni kukaa mkavu, khanga imekunjuliwa.

Kwa wenye mabwawa ya kuogelea mnaotutoza kiingilio, nina ombi moja. Mmeandika ukutani kina cha maji, mmeandika marufuku kupiga mbizi, mmeandika bei ya soda. Nunueni kipimajoto, kifungeni kwenye kamba, kitumbukizeni majini, na kila asubuhi andikeni ubaoni nyuzi ngapi. Sisi wenye watoto tutasoma wenyewe, tuamue kama leo tunaingia au tunakula chipsi turudi nyumbani.